Jirani Niliyemwacha Nje ya Ripoti

Nilizaliwa Kawangware, katika ploti ya baba. Nyumba yetu ya mawe ilikuwa mbele, karibu na geti, na nyuma yake kulikuwa na safu mbili za vyumba vya mabati vilivyotazamana, vya wapangaji. Baba alikuwa na sheria moja aliyomsomea kila mpangaji mpya kabla ya kumkabidhi ufunguo: chumba kimoja, watu wanne. Alipohisi kuwa mtu fulani ameleta ndugu kutoka mashambani, alinituma mimi nikaangalie. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Nilipita mlango kwa mlango nikijidai naomba chumvi, nikihesabu vichwa, kisha nikarudi kumpa jibu. Baba alisema nina jicho. Wapangaji walinipa chumvi, na wengine walinipa hata chapati, na mimi nilikula chapati yao kisha nikaenda kusema.

Nasimulia haya kwa sababu watu huniuliza niliingiaje kazi ya watoto, na jibu ninalopenda kutoa ni kwamba nilikulia kati ya familia zilizobanana nikazihurumia. Sivyo ilivyokuwa. Niliomba kusoma sheria, alama zikapungua, nikapelekwa ustawi wa jamii. Mwaka wa kwanza niliona aibu kuitaja kozi hiyo kanisani. Mwaka wa pili tukapelekwa mafunzo ya nyanjani, nikakaa na familia moja mchana kutwa nikiandika walivyoishi, na niliporudisha ripoti mwalimu wangu aliisoma mbele ya darasa zima. Tangu siku hiyo nilijua nitakula mkate wangu kwa kuingia nyumba za watu na kuandika nilichoona.

Nilipokuwa mhadhiri msaidizi nilianza utafiti wa shahada ya uzamivu kuhusu watoto wanaobaki bila wazazi mjini. Ofisi ya watoto niliyokuwa nikishirikiana nayo ilikuwa na maafisa wachache na faili nyingi, kwa hiyo tulipatana: wangeniruhusu kuambatana nao, nami ningewasaidia kuandika ripoti za kutembelea familia. Ndivyo nilivyofika Gatwekera, kimojawapo cha vijiji vya Kibera, kwa dada wawili.

Mkubwa alikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo mitano. Mama yao alikuwa akifua nguo katika nyumba za watu mitaa ya juu. Aliugua kwa muda mfupi, akafariki, jamaa wa kanisa wakamsafirisha kumzika kwao magharibi, na hakuna ndugu aliyejitokeza kuchukua watoto. Baba hakuwahi kujulikana. Mzee wa kijiji ndiye aliyeleta habari ofisini, mwezi wa pili baada ya mazishi.

Nilipowatembelea sikuwakuta na njaa wala uchafu. Nguo zao za shule zilikuwa zimefuliwa, na mdogo alikuwa amesukwa nywele. Jirani wa mlango wa pili, mwanamke wa Kijaluo aliyekuwa na miaka hamsini na kitu, ndiye aliyekuwa akiwaangalia. Alikaanga samaki pale nje, mgongo wazi, yaani mifupa ya sangara iliyokwisha kutolewa minofu, na dagaa waitwao omena, na watoto wote wa kile kijia walimwita Dani, yaani nyanya kwa lugha yake. Alikuwa na wajukuu watatu aliowalea chumbani mwake. Dada wale hawakuwa damu yake. Hata kabila lao lilikuwa lingine.

Nilikaa naye alasiri mbili nzima. Alikuwa mhojiwa ambaye kila mtafiti humwombea Mungu: alikumbuka kila kitu, hakutia chumvi, na hakukasirika nilipomrudisha nyuma kwa maswali. Alinieleza kwamba mdogo kifua humbana msimu wa baridi na hulala akiwa amekaa. Alinieleza kwamba mkubwa hapendi kuulizwa habari za mama mbele ya watu, na kwamba ukitaka akuambie neno, mpe kazi ya mikono kwanza. Yote haya niliyaandika katika daftari langu. Alipogeuza samaki nilingoja, alipomaliza kumuuzia mteja tuliendelea.

Fomu ya ofisi ilikuwa na mstari ulioandikwa: ndugu wa damu waliopo. Niliandika: hakuna. Chini yake kulikuwa na nafasi ya maoni, na hapo nikapendekeza makao ya watoto. Yule mwanamke nilimweka katika ripoti kama mhojiwa wa tatu: jirani, mchuuzi, chumba kimoja, watu wanne. Nilipoandika hiyo nne, mlango wa chumba chake ulijifunga kichwani mwangu. Sikuhitaji hata kufikiri.

Hakimu alikubali mapendekezo. Siku ya kuwachukua nilikwenda na afisa katika gari la ofisi. Dani alikuwa amewaogesha na kuwapaka mafuta, na alikuwa amewafungia samaki katika gazeti. Aliuliza tunawapeleka wapi. Afisa akamwambia ofisi itamjulisha. Alitikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kusikia jibu hilo katika ofisi nyingine nyingi, akamfunga mdogo vifungo vya sweta, akarudi kwenye jiko lake.

Tatizo lilikuwa kwamba makao yaliyopokea watoto wadogo hayakuchukua wasichana waliozidi miaka kumi, na yale yaliyowachukua yalikuwa upande mwingine wa jiji. Tulimshusha mdogo kwanza. Alidhani dada yake anashuka nyuma yake. Mkubwa hakulia, alibaki ameshika lile fungu la samaki mapajani mpaka tulipofika kwake, na mafuta yakawa yameingia kwenye sketi yake. Nililiona doa hilo, na jioni nikaliandika katika daftari pia, kama jambo dogo la kuipa tasnifu uhai.

Tasnifu ilipita. Sura iliyowahusu dada hao ndiyo iliyosifiwa zaidi, nikaigeuza makala, jarida likaichapisha. Nikaalikwa kuizungumzia katika mikutano. Nikaanza kuifundisha kila mwaka katika somo la ulinzi wa mtoto, kama mfano wa tathmini iliyofanywa vizuri: jinsi ya kusikiliza, jinsi ya kuangalia bila kuhukumu, jinsi ya kufikia uamuzi mgumu. Nilikuwa na mpangilio mzuri wa kuisimulia. Nilijua mahali ambapo wanafunzi wangeacha kuandika wakainua macho. Dada wenyewe niliuliza habari zao kwa simu mwaka wa kwanza, mara mbili au tatu, nikaambiwa wanaendelea vizuri. Kisha nikaacha kuuliza.

Mwaka wa sita tangu tuwachukue, darasani mwangu kulikuwa na mwanamke wa rika langu. Alikuwa mhudumu wa afya ya jamii Kibera kwa miaka mingi, na alikuja chuoni watoto wake wakiwa wamekwisha kujitegemea. Alikaa mbele, aliandika polepole, na kwa kawaida hakusema. Siku hiyo nilipomaliza kusimulia aliinua mkono.

"Daktari, naomba kuelewa. Huyo mama wa samaki, alikataa?"

"Alikataa nini?"

"Kubaki nao."

Nilianza kumjibu. Nikataja chumba kimoja, wajukuu watatu, mapato yasiyotabirika. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akasema hayo ameyaelewa, ila anataka kujua mama mwenyewe alisema nini alipoulizwa. Nikamwambia nitaangalia kumbukumbu zangu.

Nilikwenda ofisini nikatoa daftari kabatini. Nilisoma kurasa za zile alasiri mbili kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu nikasoma tena. Nilimwuliza choo kiko wapi na maji wanachota wapi. Nilimwuliza nani huwaamsha watoto, nani huwapeleka zahanati, mdogo analala saa ngapi. Nilijaza kurasa ishirini na tatu. Hakuna mahali nilipomwuliza kama angependa kuwalea, wala angehitaji nini ili aweze. Nilikaa pale hadi mfagizi akagonga mlango akitaka kusafisha.

Wiki iliyofuata nilikwenda Gatwekera. Sehemu ya vyumba nilivyovijua ilikuwa imebomolewa, na kile kijia hakikuwa tena mahali pake. Nilielekezwa Soko la Toi. Nilimkuta upande wa vyakula, nyuma ya safu za viatu vya mitumba, na karai la kukaangia, lilelile pana la zamani au lingine lililofanana nalo. Alikuwa amekonda kidogo. Alinitambua kabla sijasema jina wala kazi yangu.

Alinipa stuli. Nikamwambia nilichokuja kusema, moja kwa moja, maana njiani nilikuwa nimetunga utangulizi mrefu nikauona ni wa kujitetea. Nilimwambia sikuwahi kumwuliza kama angewachukua wale wasichana, na kwamba nilipaswa kumwuliza.

Aligeuza samaki wote kwanza, mmoja mmoja.

"Uliniuliza mambo mingi sana," akasema. "Hiyo hukuniuliza. Nilikuwa nangoja. Siku ya kwanza nikasema ataniuliza kesho. Kesho ukakuja, ukaniuliza mambo ya choo."

"Ungenijibu nini?"

"Ningekubali. Halafu ningekuambia unisaidie na kitanda, maana kile changu hakiwezi watu sita."

Kisha akaniuliza wako wapi. Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa miaka yote sita hakuwahi kuambiwa. Alikuwa amekwenda ofisini mara mbili. Mara zote mbili aliulizwa yeye ni nani kwao, akajibu ni jirani, akaambiwa habari za watoto hutolewa kwa ndugu tu. Mara ya pili alibeba sweta mbili. Alirudi nazo, akawavisha wajukuu. Alisimulia haya bila kupandisha sauti, akiwa anafunga samaki wa mteja, na mimi nilikuwa nimeshika chai aliyoniagizia nikashindwa kuinywa.

Nilimwomba afisa wa watoto, ambaye sasa alikuwa mwingine, anifungulie faili. Alikuwa kijana mwangalifu, na aliniambia kitu ambacho kilinifanya niharakishe: mkubwa alikuwa anakaribia miaka kumi na minane. Mwaka unaofuata angelazimika kutoka makaoni, na katika sehemu ya faili inayouliza ataenda kwa nani hapakuwa na neno. Tuliongozana kwenda kumwona.

Msichana niliyemkuta alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, akishona mfuko wa kitambaa katika chumba cha kazi za mikono. Nikakumbuka alichoniambia Dani, nikaomba sindano na mimi. Tulishona pamoja kwa muda. Nilipomweleza mimi ni nani alisema ananijua. Nilimwambia Dani yupo, anauza Toi, na kwamba aliwahi kuwatafuta. Mikono yake ilisimama.

"Tuliambiwa hatuna mtu," akasema.

Nikamwambia mimi ndiye niliyeandika hivyo, na nilikosea. Alishona mishono miwili, mitatu.

"Mlitubeba na gari moja," akasema, "halafu mkatushukisha steji mbili tofauti. Hiyo ndio naona kila nikifunga macho. Sio mazishi ya mathe. Hiyo gari."

Alikubali kumwona Dani. Mimi hakunipa mkono nilipoondoka, na sikuutarajia.

Mambo ya ofisi yalichukua miezi saba. Chumba kipya cha Dani kilikaguliwa, si na mimi. Wajukuu wawili walikuwa wamekua wakaondoka, kwa hiyo nafasi ilikuwapo. Ningeweza kusema sasa inatosha, lakini ukweli ni kwamba ningeweza kuipata nafasi hiyo hata miaka sita nyuma, kama ningeuliza kinachohitajika. Mahakama ya watoto ilitaka kujua kwa nini ripoti ya kwanza ilisema hakuna mtu. Niliandika hati ya kiapo, kisha nikaitwa kutoa ushahidi. Hakimu alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani ya kamba. Aliniuliza kwa nini sikumtaja mama huyu.

"Nilimtaja, mheshimiwa," nikasema. "Nilimtaja kama mtu anayewajua. Sikumfikiria kama mtu wa kuwalea."

Aliandika, akauliza swali la mwisho: kama kuna ripoti nyingine zangu zilizoandikwa kwa namna hiyo. Nikasema zipo, na nimeanza kuzipitia. Zilikuwa kumi na moja. Katika nyingi hakukuwa na jirani kama Dani. Katika mbili alikuwapo mtu ambaye sikumwuliza, na mmoja wa hao alikuwa amekwisha kuhama asijulikane alikokwenda.

Mkuu wa idara yetu aliniita alipopata habari kwamba naandikia jarida marekebisho ya makala yangu. Hakuwa mtu mbaya. Alinikumbusha kwamba nimeomba kupandishwa cheo, kwamba hakuna msomaji aliyelalamika, na kwamba makala ilisema kweli kuhusu nilichokiona. Nilimwambia shida yangu ni kwamba nimeifundisha kama mfano wa kusikiliza. Akasema basi niandike kwa ufupi. Jarida lilichapisha nusu ukurasa. Cheo kilichelewa, sijui kama sababu ni hiyo, na sikuuliza. Yule mwanafunzi aliyeinua mkono nilimwomba ruhusa nimshukuru darasani. Akasema afadhali nimsaidie kupata nafasi ya kufanya mafunzo yake karibu na nyumbani, na hilo nililifanya.

Mkubwa alihamia kwa Dani alipomaliza kidato cha nne. Kwanza alikaa likizo moja, ili waone kama wanaelewana, kisha akaja na sanduku lake. Haikuwa rahisi. Alikuwa amezoea kengele na ratiba, na Dani amezoea watoto wasiofunga mlango. Waligombana juu ya redio. Waligombana juu ya marafiki. Lakini baada ya miezi michache alikuwa na cherehani ya kukodi pale Toi, akirekebisha nguo za mitumba kwa wateja, mita chache kutoka kwenye karai. Ninapopita ananisalimia, "Sasa," nami namjibu, "Fiti." Wakati mwingine hunionyesha alichoshona. Habari zake za ndani hanipi, na ni haki yake.

Mdogo alikataa kurudi. Hili wengi huwashangaza ninapolisimulia, na mimi pia lilinishangaza. Tulipompeleka Dani kumwona, msichana wa miaka kumi na mmoja alimsalimia vizuri, akamkaribisha kiti, akamwambia anakumbuka harufu ya samaki na hakumbuki uso. Alimwambia afisa kwamba yeye anaishi pale, shule yake iko pale, na mama mlezi wa nyumba yao ndiye mama yake. Anataka dada yake aje kila Jumamosi. Hataki kuhama. Dani alisikiliza yote. Nje, tukiwa tunangoja gari, aliniuliza kama nimeona jinsi mtoto alivyojibu bila kuogopa mtu. "Wamemlea vizuri," akasema. Nilimtazama nijue kama inamwuma. Ilikuwa inamwuma, na bado alimaanisha alichosema.

Mwaka jana shule ya mdogo ilikuwa na siku ya wazazi, na kila mtoto aliruhusiwa kualika watu wawili. Yeye aliomba wanne, akaruhusiwa. Nilikuwa wa nne. Tulikaa kwenye benchi chini ya turubai: dada yake akiwa amevaa gauni aliloshona mwenyewe, kisha mama mlezi, kisha Dani, kisha mimi mwishoni. Wanawake wale wawili walikuwa hawajawahi kukaa pamoja. Kwa muda walizungumza juu ya jua. Halafu mama mlezi akasema mtoto huyu mayai hayagusi, amejaribu kila namna. Dani akacheka, akasema hata akiwa mdogo aliyaficha chini ya godoro, wakayagundua kwa uvundo. Mama mlezi akauliza je, na kuongea usingizini alianza lini. Dani akasogea karibu ili asikike, maana kwaya ilikuwa imeanza kuimba, akaanza kumweleza. Mwenzake alikuwa anaitikia kwa kichwa, akiuliza tena, akieleza na yeye upande wake, miaka mitano ya kwanza ya mtoto ikikutana na ile iliyofuata. Dada mkubwa alikuwa ameinama mbele akisikiliza wote wawili. Daftari langu lilikuwa mkobani. Sikulitoa.